Gari Mlangoni mwa Ukumbi

Ikifika wiki ya tatu ya Desemba, barabara ya Dar es Salaam kwenda Moshi hujaa magari ya Wachaga wanaorudi nyumbani, na huko migombani, kuanzia Machame na Kibosho hadi Marangu na Rombo, huanza shughuli isiyotangazwa: kukadiriana. Nani kaja na V8, nani mwaka huu kapanda basi, ndafu (mbuzi mzima wa kuchoma) ya nani imeliwa na watu wengi. Watu wa mikoa mingine huwatania Wachaga kwa hilo, na Wachaga wenyewe hucheka. Inajulikana pia kwamba baadhi ya magari yale ni ya kukodi, mengine ya ofisi, mengine yameazimwa kwa rafiki. Hakuna anayeshtuka, kwa sababu huko mlimani Kilimanjaro gari halijawahi kuwa ushahidi wa mwisho.

Ushahidi ni nyumba kwenye kihamba, shamba la urithi la familia. Msingi ulichimbwa mwaka fulani, ukakaa hadi ukaota majani. Zikaja tofali, kuta zikafika kwenye lenta, kisha mwenyewe akapotea na watu wakasema mambo yamemkalia vibaya. Akarudi, akapaua, akaezeka bati, na madirisha yakangoja grili Desemba mbili nzima. Mama wa jirani atakusimulia hatua zote hizo bila kukosea, pamoja na jina la fundi aliyekimbia na saruji. Utajiri wa namna hiyo una historia, na wanaoijua ni watu ambao hawakualikwa kuijua. Kwa hiyo anayetajirika ghafla huulizwa mara moja: huyu anafanya kazi gani?

Anayeingiza watu kwenye biashara ya mtandao, ile ambayo unalipwa kwa manunuzi ya uliowaleta na ya wale walioletwa nao, anahitaji utajiri usioulizwa swali hilo. Ndiyo maana mkutano haufanyiki kijijini kwake. Unafanyika mjini Moshi, kwenye ukumbi wa kukodi, na mwalikwa huitwa kwa maneno machache: njoo, kuna fursa, mambo ya simu hapana. Gari jeupe limeegeshwa karibu kabisa na mlango, mahali ambapo kila anayeingia lazima alipite. Ndani kuna suti, projekta na makofi. Mzungumzaji anataja alikotoka, pengine kuuza mitumba au kufundisha shule ya msingi, kisha anaonyesha picha za alikofika: hoteli ya Dubai, hundi kubwa ya kuchapisha, ufunguo wa gari ukikabidhiwa. Kati ya mitumba na Dubai hakuna msingi wala lenta. Historia yote imerukwa, na ndani ya pengo hilo mtoto wa mtu anaambiwa aweke ada yake ya chuo.

Tufanye hesabu ndogo ya gharama. Kukodi gari siku moja, ukumbi saa tatu na suti ya kushona ni fedha ambayo kiingilio cha watu wachache tu kinairudisha. Mtazamaji anaona vitu hivyo kama masalio ya faida, yaani kilichobaki baada ya mtu kushiba. Kwa mwenye semina ni mtaji, ni chambo cha ndoano. Wala si ujanja mpya. Charles Ponzi, aliyewaahidi watu wa Boston faida ya asilimia 50 kwa siku 45 mwaka 1920, alinunua jumba kule Lexington na gari la Locomobile wakati fedha za wateja bado zinaingia. Kampuni ya vipodozi ya Mary Kay imekuwa ikiwapa wauzaji wake wa juu Cadillac za rangi ya waridi tangu 1969. Gari hilo, hata hivyo, hukodiwa na kampuni, na muuzaji akishindwa kufikisha kiwango cha mauzo huchangia malipo ya kulikodi. Majirani wanaona gari, mkataba hawauoni.

Lakini onyesho lenye nguvu kuliko gari ni fedha halisi. Watanzania waliokuwa watu wazima mwaka 2008 wanaikumbuka DECI, taasisi ya kukusanya fedha iliyoanza 2007 ikiongozwa na wachungaji. Lugha yake ilikuwa ya shambani na ya madhabahuni kwa pamoja: unapanda mbegu, unavuna. Wa kwanza walivuna kweli. Walihesabu noti mikononi, wakashuhudia kwa ndugu na kwa waumini wenzao, na hawakuwa waongo. Fedha ile ilikuwa ya waliopanda baada yao. Serikali ilipoingilia kati mwaka 2009, wengine waliikasirikia serikali kuliko DECI, jambo linaloeleweka: macho yao yalikuwa yameona mavuno. Mwaka 2013 mahakama iliwatia hatiani viongozi wake kwa kuendesha upatu. Kenya nayo ilikuwa kwenye moto huohuo. Kikosi kazi kilichoundwa na serikali huko kilikadiria kwamba wananchi walipoteza zaidi ya shilingi bilioni 8 za Kenya kwenye upatu wa namna hiyo.

Biashara ya mtandao yenye bidhaa, iwe dawa ya meno au virutubisho, si lazima iwe upatu mbele ya sheria. Ikiwa kweli watu wa nje wananunua dawa ile kwa sababu wanaitaka, kuna biashara. Shida huja pale wanunuzi wakuu wanapokuwa wanachama wenyewe, wanaonunua ili wasishuke daraja. Hapo hesabu haina huruma. Chukua mtu mmoja anayeingiza sita, na kila mmoja wa hao naye sita. Ngazi ya nane chini yake ina watu 1,679,616. Jumlisha na ngazi zilizo juu yake unapata milioni 2 na ushee, wakati Mkoa wa Kilimanjaro, kwa sensa ya 2022, una watu 1,861,934, wakiwemo watoto wachanga na wazee wa Rombo wasioshika simu. Na hata kabla mkoa haujaisha, katika kila watu sita watano hawana mtu chini yao. Uvivu hauhusiki, ndivyo umbo lenyewe lilivyo. Bidii ya mmoja inaweza kumpandisha ngazi, lakini haiwezi kupunguza idadi ya walioko chini.

Tume ya Biashara ya Marekani ililigusa suala la picha moja kwa moja. Katika shauri dhidi ya kampuni ya virutubisho ya Herbalife, lililomalizika Julai 2016 kwa kampuni kulipa dola milioni 200, tume ililalamikia matangazo yenye majumba, magari ya kifahari na safari za nje. Takwimu za kampuni yenyewe zilionyesha kwamba zaidi ya nusu ya waliokuwa na cheo cha viongozi wa mauzo walipata kutoka kwake wastani wa chini ya dola 300 kwa mwaka 2014. Mwaka 2024 tume hiyo ilipitia taarifa za mapato za kampuni 70 za aina hii. Katika nyingi, washiriki wengi walipata dola 1,000 au pungufu kwa mwaka, na gharama zao mara nyingi hazikutajwa kabisa. Picha ya gari, kwa mtazamo wa tume, ni dai la kipato kama vile mtu amelitamka kwa mdomo.

Huku kwetu picha hizo hazitoki makao makuu ya kampuni. Wanaozitengeneza ni wanachama wa wiki iliyopita. Kijana akishalipa kiingilio huelekezwa na aliyemwingiza: piga picha ukiwa na gari lile, weka stetasi, vaa vizuri, ongea kama mtu aliyekwisha kufika. Anatii, kwa sababu ameambiwa hakuna atakayemfuata mtu mwenye njaa. Sioni haki kumwita tapeli. Anadaiwa na dada yake, katoni za virutubisho zimejaa chini ya kitanda, na stetasi yake ya asubuhi inamwonyesha ameegemea boneti. Binamu yake wa Kibosho anaiona na kuiamini, kwa kuwa huyu si mgeni wa jukwaani, ni ndugu. Hivyo udanganyifu unapita kwenye njia ileile ambayo mikopo ya ada na michango ya misiba imepita miaka yote.

Na walioshindwa hawaonekani. Kwenye semina hakuna kiti cha aliyepoteza. Amekwisha kuambiwa kwamba hakujituma, na mwenyewe anaamini nusu ya maneno hayo. Ikija Desemba anapiga simu nyumbani kwamba kazi zimebana, atakuja Pasaka. Kwa hiyo kule mlimani, ambako mama wa jirani angemhoji mpaka ukweli utoke, habari pekee inayofika ni ya yule aliyekuja na gari.