Kinu cha Kikundi: Tusibanie Pesa kwa Bolti za Konrodi



Kikundi kimoja cha akina mama hapa upande wa Vanga kilikuwa na kinu cha kusagia mahindi. Injini ilipoanza kula oili, fundi aliifungua yote na kuandika orodha ya vipuri. Tuliketi na kamati kupitia hesabu. Pesa hazikutosha, basi kikao kikafuta bolti mpya za konrodi, kwa kuwa zile za zamani zilionekana nzima. Sisi pia tulikubali. Haikupita muda, bolti moja ikakatika injini ikizunguka, na konrodi ikatoboa ubavu wa injini. Tunamshukuru Mungu hakuna aliyeumia, lakini kinu kilinyamaza na deni likabaki. Kosa lile ni letu pia, ndiyo sababu tunaandika.

KAZI YA BOLTI HIZI

Konrodi ni mkono wa chuma unaounganisha pistoni na kranki shafti. Upande wa chini una kifuniko kinachoshika beringi, na kifuniko hicho hushikwa na bolti, mara nyingi mbili. Pistoni ikimaliza kusukuma moshi nje hufika juu, halafu lazima irudi chini ghafla bila moto wa kuisukuma. Konrodi ndiyo huivuta, na bolti ndizo hubeba mvuto huo. Chukua Lister ya zamani ya nguvu za farasi 6, iliyoundwa Dursley, Uingereza. Huzunguka mara 650 kwa dakika. Mvuto huo huja kila mizunguko 2, yaani mara 325 kwa dakika, au mara 19,500 kwa saa. Si mchezo!

Bolti iliyokazwa sawasawa hunyooka kidogo sana, kama mpira wa manati, na kule kutaka kurudi ndiko kunakobana. Ikilegea, huvutwa na kuachiwa kila mara mpaka ichoke, kama waya unaokunjwa na kukunjuliwa. Ikikazwa kupita kiasi, hurefuka na hairudi tena. Ufa wa uchovu ni mwembamba, jicho laweza lisiuone. Kwa hiyo kusema "inaonekana nzima" hakutoshi.

MAMBO YA KUFUATA

1. Injini ikifunguliwa yote, nunueni bolti na nati mpya zinazotakiwa na kitabu cha injini hiyo. Bolti ya kawaida ya dukani haifai, hata ikiingia.

2. Kila kifuniko kirudi kwenye konrodi yake, upande ule ule. Fundi atie alama kabla ya kufungua.

3. Safisheni nyuzi za bolti. Nati iingie kwa vidole hadi mwisho. Kama kitabu kinataka oili, tieni. Oili hubadilisha nguvu ya kukaza, basi msibuni.

4. Kazeni kwa zamu, hii kidogo na ile kidogo, mpaka kufikia kipimo cha kitabu.

5. Kama kuna pini ya kukunja, iwe mpya. Tundu lisipolingana, msirudishe nati nyuma ili pini ipite.

6. Zungusheni injini kwa mkono kabla ya kuiwasha. Ikikwama, fungueni mtazame.

KAMA HAMNA SPANA YA KIPIMO

Fundi wengi hukaza kwa kukisia mkono. Hapa Vanga tuna mizani ya kuning'iniza ya kupimia samaki, nayo yaweza kusaidia. Ipimeni kwanza kwa ndoo yenye lita 10 za maji: isome kilo 10 pamoja na uzito wa ndoo. Kisha fungeni ndoano kwenye mkono wa spana, nusu mita kutoka katikati ya nati. Vuteni polepole, mizani ikikingama spana sawasawa kama pembe ya meza. Kilo 10 kwa nusu mita ni karibu nyutoni mita 49. Huo ni mfano tu, si kipimo cha injini yenu. Hesabu yenyewe ni kilo, mara mita, mara 9.8. Kitabu kikitaja futi-pauni, zidisheni kwa 1.36 kupata nyutoni mita.

Wazee walisema, rahisi huvunja upishi. Katika orodha ya vipuri, bolti hizi ni sehemu ndogo sana ya gharama. Pesa zikipungua, ni heri kinu kisubiri mwezi mmoja kuliko kuwashwa na bolti zilizochoka.

MASWALI YA KUJADILI KIKUNDINI

1. Fundi akiandika kipuri, nani kati yetu ana haki ya kukifuta? Je, tunamwuliza kwanza sababu yake?

2. Kitabu cha injini yetu kiko wapi, na nani anakitunza?

3. Je, kila siku ya kusaga tunaweka kando kitu cha matengenezo, au tunangoja hadi injini inyamaze?