Korona Imepita, Pumzi Haijarudi

Mgonjwa wa kwanza wa korona nchini Kenya alitangazwa tarehe 13 Machi 2020. Alikuwa mkazi wa Ongata Rongai, kaunti ya Kajiado, aliyerejea kutoka Marekani kupitia London. Msafiri kama sisi tulio ughaibuni. Alipopona na kuonyeshwa hadharani mwanzoni mwa Aprili, watu mitandaoni walimrukia kwa matusi, na wengine wakadai hakuwahi kuugua. Kajiado ilijua mapema kwamba aliyepona bado ana kesi ya kujibu.

Kesi hiyo sisi wa ughaibuni tunaiendeleza bila kukusudia. Tunapiga simu Kitengela, hukohuko Kajiado, tunaambiwa dada bado anachoka, nasi tunashangaa: si korona iliisha zamani?

Haijawaishia wote. Oktoba 2021 Shirika la Afya Duniani lilieleza rasmi hali hii ya korona isiyoisha: dalili ambazo kwa kawaida huwapo miezi 3 baada ya kuugua, zikadumu angalau miezi 2, na hakuna ugonjwa mwingine unaozieleza. Shirika hilo linakadiria kwamba huwapata watu wapatao 6 katika kila 100 walioambukizwa. Kubwa ni uchovu, kukosa pumzi, na akili kugoma: mtu anasahau alichotumwa dukani, au anasoma ujumbe mara tatu na bado hauingii. Huwapata hata walioumwa kidogo tu, wasiolazwa popote. Picha ya kifua huweza kutoka safi, damu ikapimwa isionyeshe kitu, mgonjwa akarudi nyumbani na karatasi inayosema yuko sawa.

Uchovu wenyewe ndio usioeleweka, kwa sababu hauji papo hapo. Fikiria mama anayeishi fleti ya ghorofa ya nne Kitengela, ambako maji ya mfereji hayaaminiki. Jumamosi anajisikia vizuri, anapandisha mitungi miwili ya lita 20, anafua, anapika. Majirani wanamwona. Jumatatu hawezi kuinuka kitandani, moyo unamwenda mbio akisimama tu. Waliomwona Jumamosi wanasema anajifanya. Kumbe ni ile Jumamosi inayomlaza: mwili uliotumika kupita uwezo wake huanguka siku moja au mbili baadaye, na usingizi hauuinui.

Kwingine Kajiado, kuelekea Magadi, mambo ni mazito zaidi. Huko ni bondeni, jua linachoma, zahanati ziko mbali. Ukame ulioanza mwishoni mwa 2020 ukaendelea hadi 2023 uliwalazimu wafugaji kuswaga ng'ombe mbali zaidi kutafuta malisho, wakati ambapo wapo waliokuwa hawana pumzi ya kupanda kilima. Mfugaji asiyeweza kufuata mifugo hupoteza zaidi ya afya, kwani hata sauti yake barazani hupungua. Na korona ikikupotezea uwezo wa kunusa, maziwa ya kibuyu kilichofukizwa moshi yanakuwa kama maji meupe tu.

Jamii nayo ilibaki na majeraha. Kuanzia Aprili hadi Julai 2020, Kitengela, Rongai, Ngong na Kiserian zilifungwa pamoja na Nairobi, huku Kajiado mjini na Magadi zikiwa nje ya kizuizi. Familia moja ikagawanyika pande mbili. Watoto wa Kimaasai, ambao huinamisha kichwa ili mzee awaguse, walifundishwa kukaa mbali na wazee. Hofu ile haikuondoka yote. Anayekohoa kwenye matatu bado hutazamwa.

Na kikohozi kisipuuzwe kwa kusingizia korona. Kikizidi wiki mbili, hasa pamoja na kutokwa jasho usiku na kukonda, mtu apimwe kifua kikuu. Katika hospitali za serikali za Kenya matibabu yake ni bure. Maumivu ya kifua au mguu mmoja kuvimba ghafla ni mambo ya kukimbilia hospitali siku hiyo hiyo. Vumbi na moshi wa kuni huchokoza mapafu yaliyodhoofika, kwa hiyo jiko liwekwe penye hewa.

Dawa ya kuumaliza uchovu wa baada ya korona haijapatikana. Kinachosaidia ni kuigawa kazi: kufua nusu leo, kupumzika kabla ya kuchoka, kuketi wakati wa kumenya viazi. Waliopoteza uwezo wa kunusa, wengi hushauriwa kunusa karafuu, limau na mkaratusi, asubuhi na jioni, kwa miezi.

Kwa hiyo unapotuma pesa Kitengela, uliza kama zinatosha kumlipa kijana wa kupandisha maji. Na wewe unayetunza wazee Uingereza au Marekani, uliyeambukizwa kazini na hujawahi kurudi ulivyokuwa, usifiche. Uingereza ilianza kufungua kliniki za hali hii mwishoni mwa 2020, na tangu Julai 2021 serikali ya Marekani inatambua kwamba inaweza kuhesabiwa kuwa ulemavu kisheria. Mwombe daktari aiandike kwenye faili lako, kisha upeleke barua kazini ukiomba zamu fupi.