Mosi ya Nani? Siku na Saa kwa Mswahili Aendaye Ghuba

Mkenya anayehamia Maskati kikazi husogeza mishale ya saa yake mara moja tu: Nairobi ikiwa saa moja asubuhi, Maskati ni saa mbili. Akienda Riyadh hana haja hata ya kuigusa. Aghalabu wasafiri hudhani kwamba mambo yatakuwa mepesi, hasa wale waliolelewa katika Kiswahili, ambao hukikuta Kiarabu kikitumia maneno kama saa, Alhamisi na Ijumaa. Makala haya yananuia kuonyesha kwamba ugumu umo katika maneno hayohayo tunayoyashiriki.

Tuanze na siku. Mswahili huanza hesabu baada ya Ijumaa: Jumamosi ni siku ya mosi, Jumapili ni ya pili, mpaka Jumatano ambayo ni ya tano. Mwarabu huanza siku moja baadaye. Al-ahad, siku yake ya kwanza, ni Jumapili yetu. Al-ithnayn, ya pili, ni Jumatatu. Al-arbia, ya nne, ni Jumatano. Inayofuata ni al-khamis, ya tano, nasi tuliichukua kama ilivyo. Ndiyo maana juma la Kiswahili lina siku mbili za tano na halina ya sita. Darasani jambo hili huchekesha. Mgeni aliyejifunza tarakimu za Kiarabu kabla ya majina ya siku hana la kucheka: akiambiwa apumzike ath-thulatha, ya tatu, naye akakaa nyumbani Jumatatu, amekwisha kukosa kazi.

Kosa la saa ni kubwa zaidi. Kiswahili huhesabu saa tangu macheo, na karibu na Ikweta jua huchomoza takriban wakati uleule mwaka mzima. Kiarabu cha leo huhesabu tangu usiku wa manane na adhuhuri. As-saa ath-thamina, yaani saa ya nane, ni saa mbili yetu ya asubuhi. Atakayeitafsiri neno kwa neno atafika mchana, saa sita baada ya wenzake. Yamkini msomaji atauliza: je, Mkenya hakuizoea hesabu hiyo katika Kiingereza? Ameizoea; huona 8 akasema saa mbili bila kufikiri. Kwa maoni yangu, Kiarabu humponza kwa sababu ya udugu wake na Kiswahili. Akisikia saa, huacha tahadhari.

Juma la kazi nalo halikutulia. Oman ilipumzika Alhamisi na Ijumaa hadi mwaka 2013, na Saudi Arabia vivyo hivyo. Wakati huo Jumamosi ilikuwa kweli siku ya mosi ya kazi, na hesabu ya Mswahili ilioana na ya mwajiri. Mwaka huo nchi zote mbili zilihamia Ijumaa na Jumamosi. Falme za Kiarabu zilikwisha kufanya hivyo mwaka 2006, kisha Januari 2022 serikali yake ikahamia Jumamosi na Jumapili, Ijumaa ikawa nusu siku. Sharjah ikaifanya Ijumaa pia kuwa mapumziko.

Kwa hiyo Mkenya aliye Dubai anaweza kuwa na juma linalokaribia la kwao, ilhali mwenzake wa Maskati huamkia kazini Jumapili. Kama ni Mkristo, huenda akasali Ijumaa, kwani makanisa mengi ya Ghuba yamezoea kufanya ibada siku hiyo. Hilo hujifunzika. Lililo gumu ni nyumbani. Ijumaa anapopumzika na kutaka mazungumzo, mamake yuko sokoni na nduguze wako kazini. Jumapili wanapokusanyika na kumpigia simu, yeye hawezi kuipokea. Jumamosi ndiyo siku pekee ya mapumziko wanayokutana, nayo jioni yake hukatika mapema upande mmoja: Nairobi ikiwa saa tatu usiku, Maskati ni saa nne, na kesho yake ni siku ya kazi.