Dawa ya 'mchele': maabara huibaini vipi?

Jijini Nairobi huitwa 'mchele': dawa ya usingizi inayotiwa kwa siri katika kinywaji. Mjini Mombasa, vidonge vya flunitrazepam vimejulikana kwa jina la 'bugizi'.

Walionyweshwa dawa za aina hiyo wameibiwa, wengine wamebakwa, na baadhi wamefariki dunia. Wanaonusurika mara nyingi huamka bila kumbukumbu yoyote, na huenda shahidi pekee aliyebaki ni miili yao wenyewe.

Shahidi huyo hadumu. Mabaki ya flunitrazepam huweza kupatikana katika mkojo kwa takriban siku 3, lakini dawa nyingine iitwayo GHB hutoweka humo katika muda wa saa 12 hivi.

Kutenganisha

Mkojo una mamia ya kemikali, kwa hiyo hatua ya kwanza ni kuzitenganisha. Njia inayotumika huitwa kromatografia ya kimiminika.

Sampuli husukumwa kwa shinikizo kubwa ndani ya bomba jembamba la chuma lililojazwa chembe laini. Kila kemikali huzishika chembe hizo kwa nguvu tofauti, hivyo kila moja hutoka kwa wakati wake.

Kupima umeme

Mwishoni mwa bomba huweza kuwekwa elektrodi. Molekuli ya flunitrazepam hupokea elektroni kutoka kwenye elektrodi hasi, na mkondo wa umeme unaozuka huonyesha kiasi cha dawa.

Oksijeni iliyoyeyuka katika kimiminika nayo hupokea elektroni, hivyo sharti iondolewe kwanza.

Mwilini, dawa hiyo hugeuzwa kuwa kemikali nyingine, ambayo badala ya kupokea elektroni huzitoa. Elektrodi chanya huweza kuitambua.

Msingi wa upimaji huu uliwekwa mjini Prague mwaka 1922 na Jaroslav Heyrovský, aliyetunukiwa Tuzo ya Nobel ya kemia mwaka 1959. Hata hivyo, kwa ushahidi wa mahakamani, maabara nyingi leo huunganisha kromatografia na spektrometa ya masi, mtambo unaotambua molekuli kwa uzito wake.

Muda

Lakini hakuna mtambo unaoweza kuona kilichokwisha kutoka mwilini. Anayeshuku kwamba amenyweshwa dawa anashauriwa kufika hospitalini mara moja, na iwapo atalazimika kukojoa kabla ya kufika, auhifadhi mkojo huo katika chombo safi.

Na sampuli iliyochelewa ikikosa dawa, hilo si thibitisho kwamba hakunyweshwa.