Je, Wajua? Si kila sahihi ya Beatles ni ya Beatles

Karatasi iliyotoka kweli nyuma ya jukwaa la Beatles yaweza kuwa na sahihi ambazo wao hawakuziandika. Mashabiki walipozidi, wasaidizi wa safari wa bendi, Neil Aspinall na Mal Evans, waliwasainia majina yote manne. Hata wanabendi walisainiana. Kwa hiyo hadithi ya muuzaji, hata ikiwa ya kweli, haitoshi. Tazama mwendo wa kalamu: mkono wa mwenye jina hukimbia, wa mghushi husitasita na kuacha madoa ya wino. Tarehe nayo husema. Ringo Starr alichukua nafasi ya Pete Best Agosti 1962. Sahihi ya Ringo kwenye karatasi ya bendi ya 1961 itilie shaka. Usilipe kabla ya kulinganisha na sahihi zilizothibitishwa za mwaka uleule.