Harufu ya Petroli Garini: Namna ya Kuusaka Mvujo katika Gari la Zamani

Wakazi wa Nairobi wanaujua vyema uwanja wa mbio za farasi wa Ngong. Huko ndiko yanakofanyika maonyesho ya magari na pikipiki za zamani yaitwayo Concours d'Elegance, yaliyoanzishwa mwaka 1970 na chama cha wamiliki wa magari ya Alfa Romeo. Familia huenda na watoto, wakastaajabia magari yaliyong'arishwa hata ndani ya boneti. Lakini magari mengi ya zamani ya mji huu hayafiki uwanjani hapo. Yamo katika nyua za Kilimani, Lavington, Kangemi na Dagoretti, yakipeleka watoto shule na akina mama sokoni. Baadhi yake yalipanda kutoka Mwambao pamoja na wenyewe, wakati kijana wa Mombasa au Lamu alipopata kazi Nairobi akaja na mkewe, masanduku yake na gari lake.

Moja la magari hayo ndilo lililotufanya tuandike makala haya. Ni Peugeot 504, gari la aina iliyoanza kuundwa Ufaransa mwaka 1968 na ambayo ilishinda mashindano ya Safari Rally hapa kwetu mwaka 1975 na tena mwaka 1978. Mwenyewe alifariki akaacha mjane, mabinti wawili na mwana mdogo. Gari lilikuwa likinuka petroli. Mafundi wawili kwa nyakati tofauti walilipokea; wa kwanza akabadilisha kabureta, wa pili akabadilisha pampu ya mafuta, na harufu ikabaki pale pale. Akatokea mnunuzi aliyesema gari hilo sasa ni bati tu, akataja bei ya chuma chakavu. Ami yao watoto akashauri liuzwe kabla halijaunguza nyumba. Mama hakukataa ushauri, ila alisema neno moja: gari ni mali ya warithi wote, na ndani yake mna haki ya yatima. Haliuzwi kwa bei ya bati mpaka ijulikane linaumwa nini.

Tulifuatana na familia hiyo hadi ilipojulikana. Tunayaeleza hapa tuliyoyaona, kwa kuwa nyumba nyingi zina gari la namna hii, na mara nyingi mama ndiye anayeisikia harufu kwanza.

Kwa nini harufu isipuuzwe

Petroli hutoa mvuke hata penye baridi ya nyuzi 40 chini ya sifuri, sembuse katika jua la saa saba mchana. Mvuke huo ni mzito kuliko hewa mara tatu au nne. Haupandi juu ukapotea kama moshi. Huteremka sakafuni, ukatambaa chini ya mlango na kutuama penye shimo. Ukifika asilimia 1.4 tu ya hewa ya mahali, cheche moja yatosha kuuwasha. Nyumba nyingi za magharibi mwa jiji zina gereji iliyopakana na jikoni, na jikoni mna jiko la gesi, jiko la makaa na jokofu lenye swichi ijiwashayo yenyewe. Mvuke hauhitaji mtu awashe kibiriti kando ya gari. Wenyewe huufuata moto ulipo.

Wana wa Nairobi hawajasahau tarehe 12 Septemba 2011, petroli ilipovuja kutoka bomba la mafuta ikaingia katika mtaro wa mtaa wa Sinai. Watu zaidi ya 100 waliangamia. Gari halibebi mafuta ya kiasi kile, ila tabia ya mafuta ni moja. Zaidi ya moto, petroli ina benzini, ambayo shirika la kimataifa la utafiti wa saratani limeiweka katika daraja la vitu vinavyothibitika kusababisha maradhi hayo. Mtoto aketiye kiti cha nyuma akivuta hewa hiyo kila asubuhi hadhuriki kwa siku moja, lakini si jambo la kuachwa likawa desturi.

Harufu mbili zisichanganywe

Jambo la kwanza tulilojifunza ni kutofautisha harufu ya petroli mbichi na harufu ya petroli isiyoungua sawasawa. Nairobi iko karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, na hewa yake ni nyepesi kuliko ya Mombasa kwa takriban moja ya tano. Kabureta iliyopimwa pwani ikiletwa huku huendelea kumimina petroli kwa kipimo kile kile, ilhali hewa imepungua. Injini basi hushiba kupita kiasi, ikatoa moshi mweusi na harufu kali upande wa ekzosi. Huo si mvujo. Dawa yake ni fundi kuipima kabureta upya kwa hewa ya hapa.

Harufu ya mvujo ni mbichi, kama ile ya kituo cha mafuta, na aghalabu husikika hata injini ikiwa imezimwa. Ndiyo iliyokuwamo ndani ya Peugeot hii.

Daftari la binti

Fundi wa tatu alikuwa mzee wa makamo mwenye karakana ndogo upande wa Dagoretti Corner. Hakushika spana siku ya kwanza. Alimwomba mama aandike kwa siku saba kila harufu inaposikika: saa ngapi, gari linafanya nini, na tangi lina mafuta kiasi gani. Kazi hiyo aliishika binti mkubwa, aendaye chuoni mjini kwa gari hilo.

Maswali ya fundi yalikuwa na maana. Njia ya petroli ina sehemu mbalimbali, na kila sehemu huvuja kwa wakati wake. Harufu ikizidi baada ya kujaza tangi, hutiliwa shaka kifuniko, mpira mnene unaounganisha mdomo wa kujazia na tangi, mpira wa kupumulia, na gasketi ya kipimo cha mafuta kilicho juu ya tangi. Ikisikika injini ikiwa inafanya kazi tu, shaka huenda kwenye mipira iliyo baina ya pampu na kabureta, kwani hapo mafuta husukumwa kwa nguvu. Ikizuka gari likiegeshwa lingali moto, huenda boya la kabureta limetoboka, au sindano yake haizibi. Na ikiwa kijiti cha kupimia oili kinanuka petroli, au oili imeongezeka bila kuongezwa, basi kiwambo cha pampu kimechanika na mafuta yanateremka ndani ya injini. Gari la namna hiyo lisiwashwe kabisa, maana petroli huipunguzia oili uzito na injini hujisaga.

Siku saba zilipotimia daftari lilisema wazi. Harufu ilikuwa kali siku mbili baada ya kujaza tangi, kisha ikapungua, na tangi lilipofika nusu ikatoweka. Tena, asubuhi gari liliposhuka Valley Road kuelekea katikati ya jiji hapakuwa na harufu. Jioni lilipopanda barabara hiyo hiyo kurudi Kilimani, ilijaa hata macho yakawasha. Gari likipanda mlima, mafuta hukusanyika upande wa nyuma wa tangi. Mafundi wawili walikuwa wamefungua boneti, na ugonjwa ulikuwa kwenye buti.

Sabuni, poda na kioo

Hata hivyo fundi hakutaka kukisia. Kwanza alisogeza gari nje, penye upepo, akaondoa waya hasi wa betri. Akaosha sehemu yote ya nyuma kwa maji ya sabuni, akaikausha, kwa kuwa mafuta na vumbi vya miaka mingi huficha njia ya tone. Kisha akapulizia poda ya mtoto juu ya kila kiungo na kila kibano. Poda kavu ni nyeupe. Ikiguswa na petroli hulowa, na petroli ikikauka huacha alama. Chini ya gari alitandaza magazeti yaliyoandikwa “mbele”, “kati” na “nyuma”. Tangi likajazwa, gari likalala.

Alfajiri gazeti la nyuma lilikuwa na duara la rangi ya chai. Petroli yenyewe ilikwisha kuruka, ila alama yake ilibaki. Fundi akaeleza kanuni ambayo kila mwenye gari la zamani anafaa kuihifadhi: tone linapoangukia sipo linapotoka. Mafuta hufuata chuma na hupeperushwa nyuma na upepo wa mwendo. Kwa hiyo tafuta mahali palipolowa juu kuliko pote, na hapo ndipo penye mvujo.

Mahali pa juu palikuwa kwenye ule mpira mnene wa mdomo wa tangi. Ulipotazamwa kwa mbele ulionekana mzima. Binti akatoa kioo kidogo mkobani mwake, fundi akakiingiza nyuma ya mpira, akamulika kwa tochi aliyoiwasha akiwa mbali. Palikuwa na ufa wa urefu wa kucha, chini kabisa, pembeni mwa kibano kilichokazwa kupita kiasi. Mpira ulikuwa umekauka kwa umri, na kibano kikaumalizia.

Kununua kitu sahihi

Spea za magari ya zamani mjini Nairobi hutafutwa Kirinyaga Road, ambayo wazee bado wanaiita Grogan. Humo hupatikana karibu kila kitu, kizuri na kibovu kwa pamoja. Fundi alitahadharisha jambo moja: mpira wa maji ya rejeta usiuzwe kama mpira wa mafuta. Kwa macho hufanana, lakini petroli huufanya uvimbe, ulainike na upasuke baada ya muda mfupi. Mipira myembamba ya petroli huwa na maandishi ubavuni. SAE J30 ni alama moja ya kutafuta. Mpira usio na maandishi uachwe dukani. Na anayenunua achukue kipande cha zamani mkononi, kwa sababu tofauti ya milimita mbili inatosha kuleta mvujo mpya.

Mpira mpya na vibano viwili viliwekwa. Gharama yake yote haikufikia robo ya ile kabureta iliyobadilishwa bure. Kwa kuwa mipira mingine ilikuwa ya umri mmoja na ule uliopasuka, fundi aliikunja mmoja mmoja kwa vidole, na uliotoa nyufa akaubadilisha.

Ya kuzingatia nyumbani

Kutafuta mvujo kuna madhara yake, na tumeona vyema tuyataje wazi.

Gari linalonuka petroli liegeshwe nje. Lisifungiwe gereji, wala lisiwe karibu na jiko au jenereta. Watoto wakae mbali.

Mvujo hautafutwi kwa kibiriti, mshumaa wala taa ya waya. Sigara ni marufuku hata kwa fundi mgeni.

Petroli isinyonywe kwa mdomo kuhamisha kwenye mtungi, wala isihifadhiwe katika chupa ya maji au ya sharubati. Mtoto akiimeza, asitapishwe, kwani ikiingia mapafuni huunguza. Apelekwe hospitali mara moja.

Tangi lisichomwe kwa welding ati kwa kuwa ni tupu. Tangi tupu lililojaa mvuke ni hatari kuliko lililojaa mafuta, na kazi hiyo ni ya fundi anayejua kulisafisha kwanza.

Ufa wa tangi ukitokea safarini, madereva wa zamani hupaka sabuni ya kipande, kwa kuwa petroli haiiyeyushi kwa urahisi. Hiyo ni ya kukufikisha kwa fundi aliye karibu. Si matengenezo.

Ndani ya gari pawe na kizima moto cha unga, mahali ambapo mkono wa dereva unafika. Maji hayazimi petroli. Petroli huelea juu ya maji na kuutawanya moto.

Fundi akitaka kubadilisha kifaa, aombwe kwanza aonyeshe palipolowa. Mama hahitaji kujua umakanika ili kuuliza swali hilo, na fundi mwaminifu hatachukizwa nalo.

Peugeot ile imejazwa mafuta mara tatu tangu hapo na imepanda Valley Road bila harufu. Warithi wamekaa na ami yao, wakalithaminisha gari likiwa zima, na thamani iliyotajwa haikukaribiana hata kidogo na ile ya bati. Mama ameamua kulibakisha, akiwalipa wenzake mafungu yao kidogo kidogo, na lile la mwana mdogo amemwekea. Daftari limebaki ndani ya gari. Ukurasa wa kwanza una orodha ya mipira yote na tarehe ilipobadilishwa, na binti anasema kila mwaka itakunjwa kwa vidole upya.