Wikimedia Commons: nani anaweza kufuta picha uliyoweka?

Picha nyingi zinazoonekana ndani ya Wikipedia, iwe kwa Kiswahili, Kifaransa ao Kiingereza, hazikai ndani ya Wikipedia yenyewe. Zinatoka kwenye ghala moja kubwa linaloitwa Wikimedia Commons, lililofunguliwa tarehe 7 mwezi wa 9 mwaka 2004. Kila mtu anaweza kuingiza humo picha, sauti ao video yake bila kulipa hata franka moja. Leo ghala hilo lina faili zaidi ya milioni 100. Wenye uwezo wa kuzifuta hawafiki 200 kwa dunia nzima.

Watu hao wanaitwa wasimamizi. Hawalipwi, na si wafanyakazi wa Wikimedia Foundation, shirika la Marekani ambalo linatunza mitambo. Wanachaguliwa na watumiaji wenzao. Mtu anajitokeza, wengine wanajadili kwa muda wa siku 7, na sherti apate angalau kura 8 za kumuunga mkono, pia asilimia 75 ya wote waliojitamka. Akipita, anapewa kitufe cha kufuta. Hakuna diplome ya sheria inayoombwa, hata kama kazi yenyewe karibu yote ni ya sheria.

Kufuta kuna njia mbili. Kama wizi uko wazi, kwa mfano picha ya agence moja ya habari iliyobebwa jinsi ilivyo, msimamizi anaifuta papo hapo. Kama kuna mashaka, mtu yeyote anafungua ombi la kufuta, na linabaki wazi kwa kawaida siku 7 ili kila mmoja atoe maoni. Kiisha msimamizi anakata neno. Lakini hiyo si kura: watu 10 wanaweza kusema picha ibaki, naye akaifuta kwa sababu mmoja tu ndiye alileta hoja ya sheria.

Kanuni inayouma zaidi ni ile ya tahadhari. Kukiwa na mashaka makubwa juu ya mwenye picha, picha inaondoka. Kwa tribinali, anayeshitaki ndiye analeta ushahidi. Hapa ni yule aliyeweka picha. Sababu yake inaeleweka: Commons inapokea tu faili ambazo kila mtu anaweza kutumia, hata kwa biashara. Mwenye kuchapisha kitabu ao kalenda akichukua picha humo, kiisha mwenye haki akajitokeza, ni yeye atakayeitwa mbele ya majaji.

Kwa wakaaji wa Goma, Bukavu, Uvira ao Bunia, ugumu unaanzia kwenye telefone. Tuchukue picha za mlima Nyiragongo uliolipuka tarehe 22 mwezi wa 5 mwaka 2021. Picha kama hizo zinapita mkono kwa mkono kupitia WhatsApp. WhatsApp inazipunguza ukubwa na kuondoa alama zinazoonyesha zilipigwa na telefone gani, saa ngapi. Facebook nayo inaingiza ndani ya faili maandishi ya siri yanayoanza na herufi FBMD, na wasimamizi wanayajua sana. Basi mtu aliyesimama mwenyewe mbele ya lava, akafuta picha ya asili ili apate nafasi kwenye telefone, kiisha akapandisha ile iliyomrudia kwa WhatsApp, anaonekana sawasawa na mwizi. Hakuiba chochote, lakini ushahidi ameutupa yeye mwenyewe.

Kuna pia picha za arusi na za studio. Wengi wanadhani ukilipa mpiga picha, picha ni yako kwa kila jambo. Kwa Commons, mwenye haki ni aliyepiga, si aliyepigwa, labda kukiwa na mapatano mengine. Kongo ina sheria yake ya haki za watunzi tangu tarehe 5 mwezi wa 4 mwaka 1986, na wasimamizi wanaangalia sheria ya inchi ambako kazi imetoka pamoja na ile ya Marekani. Mwenye haki anaweza kuandika barua-pepe kwa kundi la watu wa kujitolea linalopokea ruhusa, na jambo likaisha. Shida ni kwamba wapya hawalijui kundi hilo. Ujumbe wa onyo mara nyingi unawafikia kwa Kiingereza, kwenye ukurasa ambao hawajawahi kufungua, na siku 7 zinapita upesi kwa mtu anayengoja pesa za mega. Kujibu kwa Kiswahili kunaruhusiwa. Ni wachache wanaojaribu.

Je, wasimamizi wenyewe wanasimamiwa na nani? Jibu lilionekana mwaka 2010. Mwezi wa 4, Larry Sanger, mmoja wa walioanzisha Wikipedia, aliandikia polisi ya FBI ya Marekani akisema Commons inahifadhi picha chafu. Fox News ikaipokea habari hiyo. Mwanzoni mwa mwezi wa 5, Jimmy Wales, mwanzilishi mwenzake, alishika kitufe mwenyewe akaanza kufuta picha bila kungoja mjadala wowote. Pamoja na uchafu wa kweli, ziliondoka pia kazi za wasanii waliokufa zamani. Watu wa kujitolea walikasirika. Tarehe 9 mwezi huo, Wales aliachilia mwenyewe uwezo wake wa kufuta, na sehemu ya picha zikarudishwa. Mwanzilishi alishindwa na watu asiowalipa. Jambo la namna hiyo ni nadra kwenye mashirika makubwa ya intaneti.

Kukataa kufuta nako ni uwezo. Mpiga picha Mwingereza David Slater aliomba iondolewe picha ya tumbili wa Indonesia aliyejipiga mwenyewe kwa kamera yake. Commons ilikataa, ikisema mnyama hawezi kuwa mtunzi, na picha iko huko mpaka leo.

Hata hivyo, faili iliyofutwa haipotei. Wasimamizi bado wanaiona, na wanaweza kuirudisha mtu akileta ombi lenye hoja. Atomium ya Brussels ni mfano mzuri. Ilijengwa kwa ajili ya maonyesho ya 1958, yale yale ambako Wakongo waliwekwa ndani ya kijiji cha kutazamwa na wapita njia. Mhandisi wake, André Waterkeyn, alikufa mwaka 2005, na Ubelgiji inalinda kazi ya mtunzi miaka 70 baada ya kifo chake. Picha za jengo hilo zilikuwa zinafutwa. Commons ina orodha za miaka ambapo picha zilizofutwa zitaweza kurudi, na kwa hesabu hiyo Atomium ingengoja mpaka 2076. Lakini mwezi wa 7 mwaka 2016 Ubelgiji ilibadilisha sheria na kuruhusu picha za kazi zilizo mahali pa wazi. Picha za Atomium zilirudishwa, miaka 60 kabla ya wakati.